Siku ya Kurudi Jeshini

Watu wengi hudhani kwamba siku iliyo nzito kuliko zote kwa mke wa askari ni ile ambayo mumewe huondoka mara ya kwanza. Sisi hatukubali. Siku ya kwanza ina watu wengi: wazee hutoa maneno, vijana huimba, wanawake hupiga vigelegele, na askari mwenyewe ana hamu ya kuona nchi za watu. Bado hapana ajuaye kutengana mwaka mzima ni kitu gani. Siku nzito ni ile nyingine. Askari amerudi kwa ruhusa, amekaa siku zake chache, amezoeana tena na mkewe, mtoto mdogo ameacha kumkimbia, kisha asubuhi moja anafunga mzigo. Siku hiyo hapana ngoma. Jirani wamekwisha zoea habari zake, na wengine hata hawatoki nje kumwaga. Na wale wawili wanajua vema wanachokiendea.

Tumeona yafaa kuandika juu ya siku hiyo kwa kuwa nchi hii ya Masasi na Newala imetoa askari katika vita vingi, na hata leo haikosi vijana jeshini. Tena mashauri ya nyumba zao aghalabu huanza katika majuma yale machache baada ya ruhusa kwisha, wakati ambapo kila mmoja asikia uchungu, na kila mmoja adhani kwamba mwenzake hausikii.

Zamani haikuwa desturi ya kila jeshi kwamba mume huenda na mke hubaki. Mwezi wa Novemba 1917 jeshi la Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, likiisha kupigana vita vikali huko Mahiwa tangu tarehe 15 hata 18 Oktoba, lilirudi nyuma likapita katika uwanda huu wetu wa Makonde. Hapo Nambindinga, kwa ajili ya upungufu wa chakula na dawa na risasi, wagonjwa na wadhaifu waliachwa. Wenye nguvu, Wazungu wapatao 300 na askari wapatao 1,700, wakapita Newala, wakateremka bondeni, na tarehe 25 Novemba wakavuka Ruvuma kuingia nchi iliyokuwa ya Wareno. Pamoja nao walikwenda wapagazi, na tena wake na watoto wa askari. Mwanamke alitembea nyuma ya safu, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Akapika pale walipolala. Wengine wakajifungua njiani.

Mtu asidhani kwamba nasifu mambo hayo. Wanawake wengine katika safu ile walikuwa wametekwa vijijini, wala hawakuulizwa shauri. Na chakula walichokula kilitoka katika maghala ya watu wa nchi walizopita, hata njaa ikafuata nyuma yao. Lakini neno moja tuliangalie. Askari yule hakuwa na barua ya kungoja wala siku ya kuhesabu. Jua lililompiga yeye lilimpiga na mkewe, na jioni walilijua wote wawili bila kuambizana.

Katika vita vya 1939 hata 1945 haikuwa hivyo tena. Watu wa Tanganyika karibu 87,000 walitumika jeshini katika vita hivyo. Wengi wao walikuwa katika King's African Rifles, ambayo watu waliiita Keya. Kikosi cha Sita kilipigana Uhabeshi, huko Colito, tarehe 19 Mei 1941, na mwaka uliofuata kikapelekwa Bukini. Vikosi vya 26, vya 36 na vya 46 vilikwenda Seloni, na kutoka huko hata misitu ya Burma. Wakati wa amani baadhi ya askari waliruhusiwa kukaa kambini na wake zao. Lakini hapana mke aliyekwenda Bukini au Burma. Mke alibaki Chiungutwa, au Luatala, au Kitangari, akashika jembe.

Basi tumfikirie askari mmoja wa siku zile aliyepewa ruhusa, ambayo wenyewe waliiita livu, kabla ya kupelekwa ng'ambo. Tuseme ni siku 28. Kwanza angoje chombo cha kumchukua Dar es Salaam hata Lindi. Kutoka Lindi apande lori hata Masasi, zaidi ya maili 80, nayo ikiwa ni masika lori hukwama Lukuledi au hufia njiani. Ikiwa kwao ni Newala, ana maili 40 nyingine na mlima wa kupanda. Tena njia hiyo ahesabu mara mbili, kwa kuwa atarudi, na akichelewa siku moja atafungwa. Siku zake zilizobaki ni chache kuliko zilivyo katika karatasi yake.

Na akifika, afika wapi? Hapa desturi yetu si moja na ya makabila mengi ya bara. Kwa Wamakonde na Wamakua na Wayao, mwanamume akioa hukaa kwao mwanamke. Watoto ni wa ukoo wa mama. Na mwenye neno juu yao ni mjomba. Kwa hiyo askari wetu hakurudi katika boma la baba yake, ambapo mkewe alikuwa amemngoja kwa wakwe. Alirudi kwa wakwe zake yeye. Yapasa aamkie kwa adabu, akae pale akaribishwapo, atoe nguo aliyomletea mama mkwe. Kisha mama yake mzazi yuko kijiji kingine, anamwita. Kisha yeye mwenyewe ni mjomba: dada zake wana watoto, na mambo ya watoto hao yalikuwa yakimngoja, huyu wa kuingia jandoni, yule wa kuposwa. Rafiki zake nao wataka kusikia habari za Wataliani. Hesabu siku, msomaji, uone ni ngapi zilizobaki za kukaa na mkewe peke yao.

Desturi hiyo ina heri na ina hatari. Heri yake ni kwamba mke wa askari wetu hakuwa mgeni mahali alipoachwa. Alikuwa na mama yake na dada zake, na kaka zake walimfyekea shamba. Wake za askari wa makabila mengine, waliobaki mikononi mwa wakwe wasiowapenda, wangeionea wivu hali hiyo. Hatari yake ni kwamba mjomba akiona mwaka wa pili unapita, na mume haonekani, na paa la nyumba linavuja, aweza kusema, "Mwanangu, mtu huyu amekufaa nini?" Naye ana haki ya kusema. Kwa hiyo askari aliyefanya akili hakukosa kumwona mjomba wa mkewe katika siku zake za ruhusa, akazungumza naye habari za shamba na za fedha kwa maneno wazi. Aliyekwenda kunywa tu na rafiki zake alirudi kambini na nyumba yake haina nguzo.

Tena amkute mkewe namna gani? Katika uwanda wa Makonde hapana mito juu. Hata mradi wa maji ulipojengwa katika miaka ya 1950, wanawake wa Newala waliteremka bondeni kutafuta maji, wakapanda tena na mtungi kichwani, safari ya saa nyingi, na kwa mwenye watoto wengi safari hiyo ilikuwa karibu ya kila siku. Mwanamke aliyebeba hayo peke yake, akauza ufuta wake, akampeleka mtoto hospitali na kuamua mwenyewe, si yule aliyeachwa. Amezoea kukata shauri. Naye mume amezoea jeshi, ambako mtu husema mara moja na wengine hutii. Juma la kwanza furaha hufunika hayo yote. Juma la pili mume huuliza kwa nini kuku wameuzwa, na sauti yake ni ya sajini. (Twaongeza neno dogo: askari aliyejifunza jeshini kujichotea maji na kujipikia, haoni haya kambini, tatizo ni kwamba akifika nyumbani husahau elimu hiyo yote.)

Watu waliokaa karibu na nyumba za askari wajua jambo jingine, nalo lastahili kusemwa waziwazi. Siku tatu au nne kabla ya kuondoka, ugomvi huzuka bila sababu. Chumvi imezidi, shati halikufuliwa, kwa nini umekawia kisimani. Wale wawili hawachukiani. Ni kwamba kumwacha mtu uliyemkasirikia ni kwepesi kuliko kumwacha mtu unayempenda, na moyo, bila kuuliza ruhusa, hutafuta njia iliyo nyepesi. Mume huondoka na hasira, na hasira hiyo humsaidia hata Lindi. Melini hupoa. Na hapo, kati ya maji na mbingu, hapana awezaye kumwambia, "Rudi ukaseme neno jema."

Wengine hawakupata kulisema kamwe. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297 kati ya 1,500 na zaidi waliokuwamo. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wanawake. Hatuwataji ili kutia hofu. Twawataja kwa sababu siku ya kuaga katika nyumba ya askari si siku ya kuweka akiba ya maneno.

Waliofika Seloni na Burma waliingia katika taabu ya namna nyingine. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa ya 1944, ikafika Kalewa mwanzo wa Desemba, ikavuka mto Chindwin. Ruhusa ya kurudi nyumbani haikuwapo kwa wengi wao, kwa kuwa meli zilikuwa chache na bahari ni pana. Wengi hawakuona nyumba zao hata 1945 au 1946. Barua zao zilifunguliwa na wakaguzi wa jeshi, na taarifa za wakaguzi hao zatujulisha jambo ambalo wakubwa hawakulitazamia: watu hao waliokuwa wakipigana na Wajapani walisumbuka sana juu ya nyumbani. Je, mke amepata fedha zile nilizoagiza alipwe bomani? Je, ni kweli neno nililoletewa na mtu wa kijiji chetu? Wengine walimwandikia Bwana Shauri awachunguzie wake zao, na maafisa wakapeleka malalamiko hayo wilaya hata wilaya. Mke naye akaitwa bomani, akaulizwa mbele ya karani habari za usiku wake. Twaweza kufikiri alirudi nyumbani na moyo wa namna gani kwa mume huyo.

Barua yenyewe ilikuwa na shida yake. Jeshi lilikuwa na waalimu wake, na askari wengi walijifunza kusoma na kuandika humo. Lakini mke, ikiwa hakupata shule, alisomewa barua na mwalimu au na kijana wa jirani, na watu wakasimama mlangoni kusikiliza. Mume alijua hivyo. Kwa hiyo aliandika salamu kwa watu kumi na watano, akauliza mbuzi, akauliza mvua, na mwisho akaandika, "Mimi sijambo." Mke akajibu kwa mkono wa mtu mwingine, "Sisi sote hatujambo, ila tunakukumbuka." Neno hilo "sisi sote" lilikuwa nguo ya kufunika "mimi". Asiyejua adabu ya barua zile aweza kuzisoma leo akasema watu hawa hawakupendana. Hakuna kosa lililo kubwa kuliko hilo.

Siku hizi mambo ni mengine. Askari wa Tanzania walikwenda Darfur kuanzia 2009, na tarehe 13 Julai 2013 saba kati yao waliuawa. Mwaka huo huo wengine walikwenda Kongo ya mashariki kwa bendera ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa kambini mwao Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini. Na tangu 2021 hata 2024, katika jeshi la nchi za kusini mwa Afrika, askari wa Tanzania walikaa Nangade, katika Kabo Delgado ya Msumbiji. Mtu akisimama Shimo la Mungu, hapo Newala, akatazama chini, aona bonde la Ruvuma na nchi ya ng'ambo. Na Nangade haiko mbali, upande wa mashariki. Mke wa Newala aliweza kuitazama nchi aliyomo mumewe, asiweze kumfikia. Tena safari hii hatari haikuwa ya mume peke yake. Mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, huku upande wetu wa mto, kilishambuliwa usiku, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Askari aliyerudi kazini alikuwa na hofu ya nyumbani kama vile nyumbani walivyokuwa na hofu yake.

Simu ya mkononi imeondoa yule msomaji wa barua aliyesimama katikati. Mume asema na mkewe usiku, mtoto amwona baba usoni, fedha zafika bila kwenda bomani. Ni neema kubwa. Lakini imeleta jambo ambalo babu zetu hawakulijua. Barua ikichelewa miezi miwili, watu waliisingizia meli. Simu ikinyamaza siku mbili, mke amsingizia mume, na mume, akiona mkewe yuko hewani usiku wa manane asipokee, amsingizia mke. Huenda yeye yuko doria mahali ambapo simu hazitakiwi. Huenda mke amelala na mtoto mwenye homa, simu i mkononi mwa mdogo wake. Tena watu wazoea kudhani kwamba kwa kuwa walisemezana jana, basi walizungumza. Ulizeni wenyewe. Mara nyingi ni zile zile za zamani: mbuzi, mvua, sijambo.

Sasa yafanyike nini? Hatuna dawa, lakini tuna maneno machache tuliyoyaona yakifaa. Siku ya kurudi kazini itajwe tangu siku ya kwanza ya ruhusa, na watoto waambiwe, wala wasiamke asubuhi wakakuta kitanda kitupu. Mume azigawe siku zake kabla ya ndugu hawajamgawia: za mama yake, za dada zake, na zilizobaki ni za mkewe, na atakayezidai aambiwe kwa upole kwamba zimekwisha. Wawe na kazi moja ya kufanya pamoja, kuezeka jiko au kupalilia mikorosho. Watu wasioweza kusemezana uso kwa uso huweza kusemezana wakiwa na jembe mkononi. Mambo ambayo mke aliyakatia shauri vema wakati mume hayupo, yasinyang'anywe kwa siku 28 kisha yarudishwe kwake. Na ule ugomvi wa siku za mwisho ukija, mmoja wao aseme, "Tunagombana kwa sababu unaondoka." Tumewaona watu wakacheka pale pale.

Kuna neno moja kwa wanawake hasa. Mume akiisha kuondoka, wengine hujiona wamepumzika: chakula cha kupika kimepungua, kitanda kimepanuka, hakuna wa kuulizwa. Punde hujihukumu kwamba hawampendi. Asijihukumu. Amefanya kazi ya kuwa mke na mwenyeji na mpatanishi kwa majuma manne, na mwili umechoka. Uchungu wenyewe huja baadaye, aghalabu katika juma la pili, kwa jambo dogo: amepakua ugali wa watu watano nao ni wanne. Na askari naye hali yake ni hiyo. Siku ya kwanza kambini rafiki hushangilia, hugawana korosho alizoleta. Usiku wa tatu akiwa zamu, hukumbuka kwamba hakukifunga kile kibanda cha kuku.

Jirani, basi, wasiende kwake siku ya kuondoka peke yake, siku ambayo nyumba imejaa watu. Waende siku ya nane au ya kumi. Wasimwambie kwamba atazoea, wala wasimletee habari za mume wa fulani aliyeoa huko alikokwenda. Wachukue kigoda, wakae naye ukumbini wakibangua korosho. Na akitaka kumtaja mumewe, amtaje.